Tunawafundisha vijana ujasiriamali wa kidijitali, au tunawafundisha kubonyeza vitufe vya mwaka huu?

#1 Kinyonga77
Habari wakuu. Hili limenikaa wiki nzima acha nilitoe.

Nimeonyeshwa silabasi ya kozi ya vijana, ujasiriamali wa kidijitali, miezi sita. Wiki ya kwanza kufungua ukurasa, ya pili kutengeneza logo, ya tatu kuposti, inaenda hivyo hivyo, halafu wiki ya mwisho "mpango wa biashara wa miaka mitano". Miaka mitano jamani, kwenye mtandao! Vine, app ya video fupi, ilikuwa na watu wanakula kwa klipu za sekunde 6, Oktoba 2016 wakatangaziwa inafungwa, Januari 2017 imekwisha. Waliojifunza kutengeneza gemu na katuni za Flash, Adobe wakaizima 31 Desemba 2020. ChatGPT ikatoka 30 Novemba 2022, sasa mtu aliyeingia kozi ya miezi sita ya kuandika kontenti Septemba mwaka ule alianza kwenye dunia moja akahitimu kwenye nyingine.

Hoja yangu: tunachofundisha ni vifaa, na vifaa vinakufa kabla cheti hakijakauka wino. Kama nimekosea nionyesheni ni nini hasa kinachofundishika hapa ambacho mwakani bado kitakuwa na kazi.

#2 Mpita Njia
Ngoja nivute kiti nisome komenti.

#3 dada_pixel
Mleta uzi umenigusa kidonda. Mimi miaka kama mitatu nilikula kwa kazi moja, kukata picha za bidhaa na za watu, unatoa nyuma unaweka nyeupe. Ukisikia hivyo unaona kitu chepesi ila muulize aliyewahi kukata mtu mwenye nywele zimetimka, unazumu mpaka unaona vidoti, unafuata unywele kwa unywele, macho yanachoma saa nane usiku. Nilikuwa najiona nina fani.

Siku moja mteja wangu wa siku zote kanitumia video fupi ya skrini yake. Kabonyeza picha kwa kidole, kashikilia, mtu akatoka mwenyewe kama sticker. Chini kaandika "hivi ndo hiki nilichokuwa nakulipa?" na emoji ya kucheka. Hakuwa na ubaya, alishangaa kweli. Mimi sikucheka.

Kilichoniokoa si kozi. Yule yule alirudi baada ya wiki kama tatu, anasema picha anakata mwenyewe sasa lakini haziuzi, zamani zilikuwa zinauza. Ndo nikagundua kumbe alikuwa ananilipa kwa kuchagua. Ananiletea picha 40 namrudishia 6 namwambia hizi ndo weka, hii itangulie. Mimi mwenyewe sikuwa najua nauza hicho, nilidhani nauza kukata. Sasa hiyo nani angenifundisha na kwenye wiki ya ngapi?

#4 Mzee wa Leja
Wanangu salaam. Mnahangaika bure. Kuna kitu kilichapishwa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, hesabu za pande mbili, debiti na krediti, na mpaka leo kampuni zenye AI zinafunga mahesabu kwa utaratibu ule ule. Mmeuliza kisichokufa, ndo hicho.

Vijana ninaowaona mimi hawaanguki kwa sababu programu imebadilika. Hela ya mauzo inaingia kwenye simu ile ile anayonunulia bando na kutumia na rafiki, jioni anaangalia salio anaona amefanikiwa. Mwisho wa mwezi mtaji umeliwa na yeye ndo kaula, hajui saa ngapi. Mfundishe kutenganisha mifuko miwili kwanza, hiyo "kuposti" atajifunza mwenyewe.

#5 Asiyekubali
Mzee 1494 tena, kumbe ulikuwepo hahaha.

Mimi napinga kitu chenyewe. Asilimia 90 ya biashara mpya zinakufa mwaka wa kwanza, inajulikana. Unamchukua mtoto wa miaka 18 unamwingiza kwenye bahati nasibu halafu unaita elimu.

#6 Tumbili_wa_Data
@Asiyekubali hiyo 90 "inajulikana" na nani? Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, zinazofuata biashara zenye kuajiri, zinaonyesha karibu asilimia 20 tu ndo zinafunga ndani ya mwaka wa kwanza, na kama nusu zinakuwa zimeondoka ndani ya miaka mitano. Na kufunga si lazima kufilisika, wengine wanauza wengine wanapata kazi wanaacha.

Ila nikupe haki yako kidogo, hizo ni biashara zenye mfanyakazi. Dogo mwenye ukurasa na simu moja hayumo humo.

#7 Asiyekubali
Kwa hiyo umenisahihisha halafu ukanikubalia. Asante.

#8 Mwl Kiraka
Mimi nafundisha hiki kitu kwa hiyo niruhusiwe kujitetea kidogo, samahani itakuwa ndefu.

Miaka miwili ya kwanza nilifanya kama silabasi ya @Kinyonga77, mipango ya biashara kurasa ishirini, na jalada la rangi, kuna mmoja aliweka makadirio ya mapato mpaka mwaka wa tano yenye senti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuza kitu kwa mtu. Mwaka wa tatu nikachoka nikabadili, nikawaambia marufuku kufungua ukurasa, marufuku logo, mpaka kundi lenu lipate mtu mmoja ambaye si ndugu wala rafiki akalipa hela kwa kitu mlichomfanyia. Makundi 11, wiki tatu. Yaliyopata ni manne.

Katika hayo manne, vijana wawili wa kundi moja walienda kwa fundi redio. Huyu bwana alikuwa anarekodi video za kufundisha kuchomea vijiwaya, ni mzuri sana, lakini anarekodia nje chini ya bati na upepo unavuma, husikii kitu. Wakamwambia tukuwekee maandishi chini watu wasome. Akakubali, akalipa kidogo, akaangalia ya kwanza mpaka mwisho, kisha akauliza "na upepo wenyewe mnaweza kuutoa?" Hawakuweza. Wakasema ndiyo, kesho. Usiku ule ule wakajifunza, wakampelekea, sauti imekuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa lakini inasikika. Akacheka akasema afadhali pipa kuliko kimbunga.

Ile "ndiyo, kesho" sijui niite somo gani. Na makundi saba yaliyokosa yalinuna sana, wazazi wawili walinipigia. Kwa hiyo sisemi nimepata dawa.

#9 Nahodha wa Jangwa
Nzuri sana mwalimu. Naomba niongeze kitu maana humu tunachanganya mambo mawili. Mchumi Frank Knight 1921 aliyatenganisha vizuri, kuna hatari ambayo unaweza kuipigia hesabu, kama kurusha dadu, hujui itatoka ngapi ila unajua zipo sita. Halafu kuna kutojua kabisa, hata dadu lina pande ngapi hujui. Mpango wa miaka mitano ni dawa ya ile ya kwanza. Mtandao ni ile ya pili. Ndo maana inaonekana kichekesho.

Saras Sarasvathy naye, mtafiti wa ujasiriamali, makala yake ya 2001, alikaa na wajasiriamali wazoefu 27 akawapa tatizo la biashara waseme kwa sauti wanavyowaza. Hawakuanza na utabiri. Walianza na nilicho nacho mkononi, ninaomjua nani, na kwenye hela hawakuuliza "nitapata ngapi" waliuliza "nikipoteza hii yote nitaweza kuimudu?" Wale vijana waliomwendea fundi redio walifanya hivyo hivyo bila kusoma makala.

#10 BibiSoko
@Nahodha wa Jangwa "nilicho nacho mkononi", na kama mkononi hakuna kitu? Mbona hamsemi mtaji. Mnapenda sana kumfundisha mtu asiye na kitu namna ya kuwaza.

Uganda 2008 serikali iligawa ruzuku kwa vikundi vya vijana kaskazini ya nchi, waliandika maombi ya kujifunza ufundi na kununua vifaa, halafu hela wakapewa wenyewe bila mtu kuwasimamia. Watafiti wakafuatilia, baada ya miaka minne waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 kuliko wenzao waliokosa. Kawape vijana kompyuta na bando la mwaka mzima muone kama watahitaji semina.

#11 Tumbili_wa_Data
BibiSoko umeishia njiani kama kawaida yako 😂 watafiti wale wale walirudi baada ya miaka tisa, waliokosa ruzuku walikuwa wameshawafikia kwenye kipato, pengo limefutika. Waliopata walibaki na mali zaidi kidogo na ufundi zaidi lakini kipato sawa.

Na kwenye upande wa kuwaza, Lomé Togo kulifanyika jaribio kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, matokeo yakatoka 2017. Kundi moja likapewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko, jingine mafunzo ya kujituma, maana yake kuanza jambo bila kusubiri, kutafuta fursa, kutokata tamaa, na la tatu halikupewa kitu. La kujituma faida ikapanda asilimia 30. La kawaida 11, na hiyo 11 kitakwimu haikuweza kutofautishwa na sifuri. Pole Mzee wa Leja.

#12 Mzee wa Leja
Sifuri yenyewe mmeipataje kama hakuna aliyeandika hesabu?

#13 BibiSoko
😂😂 Mzee kamaliza.

Tumbili na wewe umeishia njiani sasa. Wale wa Lomé walikuwa TAYARI wana biashara. Hawakuwa vijana wanaanza na simu. Ukimpa ari mtu mwenye genge lake linaloendelea ana mahali pa kuipeleka, huyu dogo wa kozi ari ataipeleka wapi? Na wale wa Uganda kufikiwa mwaka wa tisa ndo hoja gani, miaka minne ya kula vizuri wakati una miaka 20 unaita si kitu?

#14 Tumbili_wa_Data
Hapo kwenye kuwa na biashara tayari ni kweli, nimeteleza.

#15 Asiyekubali
Sasa niwaletee ya vijana hasa maana mnazunguka. Uholanzi, programu ile maarufu ambapo wanafunzi wanaunda kikampuni, wanauza hisa, wanachagua mkurugenzi, mwisho wa mwaka wanakifunga. Utafiti ulitoka 2010. Ujuzi wa kijasiriamali haukuongezeka, na NIA ya kuwa mjasiriamali ikashuka. Ikashuka! Yaani kozi ilifanya kinyume cha kazi yake.

Mnajua mimi ninachoona? Kazi hazipo, wenye jukumu la kuzitafuta hawana jibu, kwa hiyo kijana anaambiwa jiajiri, na akianguka anaambiwa hukuwa na fikra sahihi. Dunia imekuwa haitabiriki halafu anayeambiwa aitabiri ni mwenye miaka 17. Hiyo ni kuhamisha mzigo tu.

#16 Mwl Kiraka
@Asiyekubali huo utafiti naujua na sioni aibu. Waandishi wenyewe walisema huenda wanafunzi walipata picha halisi ya kazi yenyewe na yao wenyewe. Mtoto akigundua hapendi biashara kabla hajakopa, mimi naona nimefanya kazi yangu. Tatizo ni kwamba wafadhili hawapendi ripoti inayosema "wanafunzi 19 wamegundua hawataki".

Halafu hao hao Waholanzi walijaribu kwa watoto wadogo wa shule ya msingi, miaka 11 au 12, matokeo 2014. Maarifa ya biashara hayakuongezeka lakini mambo kama kujiamini, kuthubutu, uvumilivu yalipanda. Labda tunachelewa kuanza, au tunapima kitu kisicho chenyewe. Sijui.

Kwenye kuhamisha mzigo sina la kukujibu. Hilo linaniuma hata mimi nikiwa mbele ya darasa.

#17 Dogo_Kimya
Shikamooni wakubwa. Mi ndo mnayemjadili, nina miaka 17 😅 mwaka jana nilikuwa na ukurasa wa kufundisha kuchora kwa simu watu elfu tano na kitu, asubuhi nikaamka akaunti haipo. Nimeandikiwa nimevunja kanuni za jamii, kanuni ipi hawakusema, nikabonyeza rufaa likaja jibu baada ya dakika mbili yani hata mtu hakusoma. Nilikaa kama siku nne sisemi na mtu nyumbani wakadhani nimeachwa.

Nikaanza upya YouTube nako nikaambiwa mpaka subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo ulipwe. Na nikifika pia sina miaka 18 akaunti ya malipo lazima iwe ya mzazi. Kwenye kozi hakuna aliyetuambia hayo, tulifundishwa rangi za logo.

#18 Tumbili_wa_Data
Marahaba dogo, pole sana. Sahihisho dogo, 1,000 na 4,000 ni sheria ya tangu 2018 na ni kwa mgao wa matangazo. Tangu 2023 kuna ngazi ya chini, subscribers 500, video 3 ndani ya siku 90 na masaa 3,000, hiyo inakufungulia michango ya watazamaji na uanachama, matangazo bado. Ila haipo kila nchi kwa hiyo angalia ya kwako. Suala la umri lipo pale pale.

#19 dada_pixel
@Dogo_Kimya hao elfu tano ulikuwa na namba zao popote? Hata hamsini?

#20 Dogo_Kimya
Hapana dada. Niliwajua kwa majina ya akaunti tu na yenyewe yameenda na akaunti.

#21 dada_pixel
Basi nikwambie kitu. 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja karibu masaa sita, walikuwa wanafanya marekebisho ya mtandao wao wenyewe wakajifungia nje. Nilikuwa na kazi tatu za kukabidhi siku ile. Mteja mmoja tu ndo nilimpata, kwa sababu mwanzoni kabisa alikataa kutumia hizo app akaniambia andika namba yangu kwenye karatasi. Kesho yake nikanunua daftari la mistari, kila mteja ukurasa wake, jina, namba, barua pepe, alinunua nini, anapenda nini, alilalamika nini. Lina madoa ya chai na jalada limeshatoka. Nimebadilisha simu tatu lakini daftari ni lile lile.

Usimuone Mzee wa Leja mshamba.

#22 Mzee wa Leja
Asante binti. Waambie.

#23 Kinyonga77
Narudi kwenye uzi wangu, naona kila mtu ana jibu na kila jibu lina mwenye kulipinga. Mmoja daftari, mmoja mtaji, mmoja ari, mmoja anasema tusiwafundishe kabisa. Ila mbona hakuna anayetetea silabasi yenyewe? Hata vifaa vina faida yake, au nimeshinda mapema hivi?

#24 Nahodha wa Jangwa
Nitavitetea mimi basi. dada_pixel angejuaje kuchagua picha 6 kati ya 40 bila ile miaka ya kuzumu nywele? Jicho lake lilitengenezwa na kifaa kilichokufa. Kifaa kinakufa mkono unabaki. Ukimfundisha mtu "kufikiri kijasiriamali" bila kumpa kitu cha kufanya kwa mikono utapata msemaji wa semina.

#25 dada_pixel
Hilo sijawahi kuliwaza hivyo. Lakini nisingependa kumwambia dogo azumu nywele miaka mitatu ili apate jicho.

#26 Asiyekubali
Na kingine. Watu wanatumia picha ya kijana wa chuo aliyeacha masomo akawa tajiri. Watafiti walipekua rekodi za Marekani, waanzilishi wapatao milioni 2.7, wastani wa umri wakati wa kuanzisha kampuni ni miaka 42, na zile kampuni zilizokua kupita zote, wastani ni 45. Muacheni dogo aajiriwe kwanza ajifunze kazi kwa hela ya mtu mwingine.

#27 Dogo_Kimya
Kwa hiyo nisubiri miaka 25?

#28 BibiSoko
😂😂😂 usisubiri mwanangu. Na huyo Asiyekubali amesema kazi hazipo kwenye #15 sasa hivi anasema uajiriwe. Akajibu kwanza.

#29 Asiyekubali
Zote mbili ni kweli, ndo maana ni tatizo.

#30 Mpita Njia
Nimesoma zote. Swali nje ya mada, mwalimu, ule upepo waliutoaje? Nina rekodi za mahubiri zimeharibika vile vile.

#31 Mwl Kiraka
Hahaha. Upepo unakaa zaidi kwenye sauti nzito za chini, ngurumo. Kwenye programu ya kuhariri sauti tafuta kichujio kinachokata chini ya kama hezi 100, sauti ya mtu nyingi iko juu ya hapo. Ukikata sana ndo inakuwa ya pipa. Kama bado unarekodi visha maikrofoni soksi nene, nzima, bila tundu, inasaidia kuliko programu yoyote.

#32 Kinyonga77
Uzi umegeuka karakana. Sawa tu.

#33 Dogo_Kimya
Mwalimu, huyo fundi redio bado anarekodi? Kuchora naweza, namuona kama anahitaji michoro ya waya inayotembea kwenye video ili mtu aone unaenda wapi. Namfanyia moja bure akipenda tuongee.

#34 Mwl Kiraka
Anarekodi. Ila bure usifanye, mwambie ya kwanza nusu. Njoo PM.

#35 dada_pixel
Na chukua namba yake. Andika kwenye karatasi.